Kosa la kiwanda, tofauti ya chapa, au imeumia tu? Namna ya kuisoma sarafu yako kabla hujaamini ya WhatsApp

Tokea Benki Kuu ya Tanzania (BoT) walipotangaza kuziondoa noti za zamani kwenye mzunguko, zile za 1985 mpaka 2003 pamoja na noti ya mia tano ya 2010, na watu wakapewa muda wa tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025 wazipeleke benki, maswali ya pesa za kale hayeshi. Tangazo lile lilihusu noti, sarafu hazikutajwa, lakini watu ndo wakafungua makasha ya mabibi zao, wakatoa ndururu (senti tano), peni zenye tundu (senti kumi), shilingi za simba, pesa za mizani, na hapo hapo kwenye simu zinazunguka video za mtu ameshika mia mbili ya Karume anasema ina "erro", yani kosa la kiwanda, inatafutwa kwa mamilioni, tuma elfu kumi ya usajili upate mnunuzi. Inaniuma sana hii, si kwa ajili ya hiyo elfu kumi peke yake, inaniuma kwa sababu kuna watu wanazikwangua na kuzisugua sarafu za maana kabisa wakitafuta kosa ambalo halipo, na wengine wanayo yenye kosa la kweli wanaitupa kwenye droo wakiona imeharibika.

Basi tuanze na maneno matatu, maana yakishakaa sawa nusu ya kazi imekwisha.

Kosa la kiwanda ni kitu kilichoharibika wakati sarafu inatengenezwa, kabla haijatoka mlangoni mwa kiwanda, na mara nyingi kinakuwa kwenye sarafu moja au chache tu. Tofauti ya chapa ni tofauti iliyomo kwenye muhuri wenyewe uliotumika kuchapia, ama kwa makusudi ama kwa bahati mbaya, kwa hiyo inajirudia kwenye kila sarafu iliyotoka kwenye muhuri ule, elfu ama malaki. Uharibifu ni chochote kilichoipata sarafu baada ya kutoka kiwandani, iwe nyundo, moto, bahari, sonara, gari kupita juu yake, mtoto na msumari, chochote. Wakusanyaji wanalipia mbili za mwanzo. Ya tatu kwa kawaida inashusha bei, haipandishi.

Kwa hiyo suala la kujiuliza ukishika sarafu ya ajabu si "hii bei gani", suala ni "hiki kilitokea lini". Na huwezi kujua kilitokea lini kama hujui sarafu inazaliwaje, na hapa ndo video zote zinaporuka.

Bamba refu la madini linapita kwenye mashine inayokata viduara, kama vile mtu aliyesukuma donge la biskuti akawa anakata kwa mdomo wa bilauri, na akija akakata pahala alipokwisha kukata, duara la pili linatoka limemegeka upande na ule umegeko una upinde wa bilauri ileile. Viduara vinapashwa moto vilainike, vinabinywa pembezoni vipate ukingo ulioinuka kidogo, halafu vinaingia kwenye mashine ya kugonga. Mule mna mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini mmoja juu, na kuzunguka pembeni kuna pete ya chuma inayolibana duara lisitanuke, na mara nyingi pete hiyo ndo inayotia yale meno ya pembeni. Mihuri ikikutana mara moja basi picha, maandishi na mwaka vyote vimetoka pamoja. Hakuna mtu anayechonga sarafu moja moja, na kitu ambacho mashine hii haiwezi kukifanya basi ujue kimefanywa na kitu chengine baadae.

Sasa shika kitu kimoja hapa hata kama utasahau mengine yote. Muhuri uko kinyume na sarafu: palipochimbika kwenye muhuri ndo panapoinuka kwenye sarafu. Muhuri ukipiga kazi sana ukapata ufa, madini yanaingia kwenye ule ufa, na sarafu inatoka na mstari ulioinuka, unausikia hata kwa ukucha. Mstari ulioingia ndani, ulochimbika, huo ni mkwaruzo, na ukiuangalia kwa lenzi utaona pembeni yake madini yamesukumwa yakafanya ukingo mdogo, kama pale ulipopita msumari. Zipo kesi chache za mstari uliozama ambao ni wa kiwandani, kwa mfano uzi au kipande cha waya kikiangukia baina ya muhuri na duara kinaacha alama yake, lakini alama hiyo inakuwa laini, haina madini yaliyosukumwa kando. Kwa hiyo kimeinuka, fikiria muhuri. Kimezama, fikiria mtaani kwanza.

Huo ufa wa muhuri ukizidi, kipande cha ukingo wa muhuri kinaweza kukatika kabisa, na pale sarafu inatoka na uvimbe pembezoni, donge la madini lisilo na picha wala herufi. Hilo ni kosa zuri, linapendwa. Lakini watu wanachanganya na sarafu iliyopigwa nyundo pembeni madini yakahama. Angalia upande wa pili pahala papo hapo, kwenye kosa la kweli nguvu ya kugonga ilipotea kwenye lile shimo la muhuri, hivo upande wa pili picha inakuwa hafifu sehemu ileile. Kwenye nyundo utaona upande wa pili nao umebondeka.

Herufi zilizopotea ndo zinazowadanganya wengi. Sarafu haina namba moja ya mwaka, ama "TANZANIA" imekosa herufi, mtu anaona ametajirika. Kiwandani mihuri inapakaa grisi na vumbi, uchafu ukijaa kwenye herufi iliyochimbwa, madini hayapati pa kuingia na herufi haitoki. Ni kosa la kweli lakini ni la kawaida sana, thamani yake ndogo. Na kuna waliozikwangua herufi kwa kisu ili iwe "erro", hao utawajua, maana pale palipokwanguliwa uso wa sarafu una michirizi na umeshuka chini kuliko pembeni yake, wakati kwenye grisi uso uko sawa, umetulia, na mara nyingi unaona kivuli cha herufi kwa mbali ukiilaza sarafu kwenye taa ya pembeni.

Umegeko wa duara nao tumeuona kwenye biskuti. Kuna watu wanakata ukingo kwa tupa au msumeno wakauza, ndo maana wakusanyaji wana kipimo chao hapa: angalia upande ulio mkabala kabisa na umegeko. Duara lililomegeka lilipobinywa kupata ukingo lilikosa kani ya upande wa pili, kwa hiyo ukingo wa mkabala unakuwa hafifu, umefifia. Halafu karibu na umegeko herufi zinakuwa zimevutika kidogo kuelekea kule, kwa sababu madini yalipogongwa yalikimbilia kwenye nafasi. Iliyokatwa kwa tupa herufi zinakatika ghafla kama karatasi kwa mkasi na ukingo wa mkabala uko mzima. Hichi kipimo si cha asilimia mia, lakini kimeokoa pesa za watu wengi.

Nyengine nizipitie haraka. Picha kukaa upande, robo au nusu ya sarafu ikawa tupu, hilo ni duara kutokaa sawa chini ya muhuri, haliigizwi kirahisi kwa sababu ile sehemu tupu haina alama yoyote ya picha iliyosagwa. Sarafu iliyotanuka, kubwa kuliko wenzake na haina meno pembeni, pete haikuwepo, lakini hakikisha haikupondwa, maana ya kupondwa herufi zake nazo zinakuwa bapa na pana. Picha za pande mbili kutoelekeana, unashika sarafu juu na chini kwa vidole viwili unaizungusha kama mlango, upande wa pili unatoka umelala. Chukua nyengine ya aina ileile na mwaka uleule ulinganishe kabla hujasema kitu, kwa sababu nchi nyengine ndo utaratibu wao kuweka pande mbili kichwa chini.

Kwenye herufi mbilimbili nataka tukae kidogo maana hapa ndo penye vurugu kubwa. Mtu anapiga picha 'shilingi mia' ya mwaka fulani, herufi zina kama kivuli, anaandika "dabo dai", yani muhuri wenye herufi mbilimbili. Muhuri wa kuchapia nao unatengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, na zamani ilibidi ukandamizwe zaidi ya mara moja ili picha izame vizuri. Ikiwa mara ya pili haukukaa pale pale, herufi zinaingia mara mbili kwenye muhuri, na kila sarafu inayotoka hapo ina herufi mbili. Mfano unaojulikana duniani kote ni senti moja ya Marekani ya 1955, ile hata bila lenzi unaona mwaka umeandikwa mara mbili. Kwenye aina hii herufi zote mbili zimeinuka, zina mgongo wa mviringo, na kwenye kona za herufi unaona zimegawanyika kama mkia wa samaki.

Ile inayoonekana kila siku si hiyo. Ni muhuri uliolegea kidogo kwenye mashine, ukagonga halafu ukatikisika wakati unaondoka, ukasukuma ubavu wa herufi. Kivuli chake ni bapa, kiko chini, kinang'ara, kama ngazi ndogo, na kimekula unene wa herufi yenyewe badala ya kuongeza. Kwenye sarafu zetu za matumizi ya kila siku ukizitazama kwa lenzi utaikuta tele. Haina bei. Na muhuri uliochoka nao unatia kivuli kizito kisichoeleweka, huo nao hauna bei. Kwa hiyo ukiona herufi mbilimbili kwenye picha ya simu usiamini, simu zenyewe zinaongeza makali zikaleta kivuli ambacho kwenye sarafu hakipo.

Tuje kwenye tofauti za chapa, na kwa sisi wa Unguja na Pemba hii ndo sehemu tamu kuliko zote, kwa sababu visiwa hivi vimepita mikononi mwa pesa nyingi.

Chukua peni na ndururu za Afrika Mashariki zenye tundu na pembe za ndovu, hizi Zanzibar zilianza kutumika 1936 rupia ilipoondolewa, zikaendelea mpaka zikaja zetu za Tanzania za 1966. Angalia kwa lenzi, nyengine zina herufi H, nyengine KN, nyengine I, nyengine SA, nyengine hazina kitu. Nimeona mtu anauza yenye SA akisema ni kosa, ati Afrika Kusini iliandikwa kwa bahati mbaya. Si kosa kabisa. H ni kiwanda cha Heaton kule Birmingham, KN ni Kings Norton huko huko Birmingham, I ni Bombay nchini India, na SA ni Pretoria. Wakati wa vita vya pili meli za Uingereza zilikuwa hatarini na viwanda vya kule vina kazi zao, kwa hiyo pesa zetu zikachapwa karibu zaidi. Mwaka mmoja unaweza kuwa na sarafu ya herufi na isiyo na herufi, na moja ikawa adimu kuliko mwenzake. Hizi ndo tofauti za kuzikusanya, unakaa na mfuko wa peni za babu unazipanga, na huhitaji kumpa mtu hata senti.

Hapo hapo kuna ile ya 1936 yenye jina la EDWARDVS VIII. Watu wanasema ni kosa kwa sababu haina kichwa cha mfalme. Ndururu na peni zote hazina kichwa, zina tundu, kichwa kingekaa wapi. Edward wa nane alikaa kwenye kiti chini ya mwaka, akajiuzulu Disemba 1936, na Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mtaani, lakini zetu zenye jina lake ziliingia na watu wakanunulia mbatata. Si kosa, ni historia, na hazikuwa chache kama wanavyodhani.

Tundu lenyewe lina kesi zake. Tundu la kiwandani linatobolewa kwenye duara kabla ya kugongwa, ndo maana kuzunguka tundu kuna ukingo na maandishi yamepangwa yakaliacha. Peni isiyotobolewa au tundu lililokwenda kando ni kosa la kweli na linatafutwa. Tundu la pili lililokata herufi katikati, lina makali upande mmoja pale keekee ilipotokea, hilo ametoboa mtu ampe mtoto avae shingoni.

Shilingi ya simba nayo ina jambo: za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo, na kuanzia 1948 hamna fedha tena. Sura ni moja, simba yule yule na milima nyuma. Mtu akikwambia yake nyeupe na yako imeiva rangi kwa hiyo moja ni bandia, muulize mwaka kwanza. Na vivyo hivyo shilingi ya Nyerere yenye mwenge, za 1966 ukiweka sumaku hazishiki, za 1987 zinashika kwa sababu walibadilisha madini wakaenda kwenye chuma kilichofunikwa nikeli. Sumaku peke yake haikwambii bandia au halali, inakwambia madini tu, na lazima ujue mwaka ule yalitakiwa kuwa madini gani. Mia tano ya nyati ya 2014 inatakiwa ishike. Ukipata isiyoshika, hiyo ndo uiweke kando uitafutie mtu anayejua.

Pesa za Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, zenye mizani zina miaka miwili, ١٢٩٩ na ١٣٠٤, yani 1882 na 1886 au 1887 kwa kalenda ya kizungu. Wapo wanaosoma 1299 wakasema sarafu ina miaka zaidi ya mia saba, wakapandisha bei mbinguni. Ni mwaka wa Hijria. Za 1299 zilichapwa nyingi na bado zinapatikana, adimu za Barghash ni za fedha na dhahabu, na baada yake zile za 1908 za Sayyid Ali bin Hamoud zenye mnazi, senti moja na kumi na ishirini, ambazo hazikukaa sana mtaani.

Upande wa bara, Mjerumani alipozingirwa 1916 alichapa pesa Tabora kwenye karakana ya reli, na zile heller ishirini zake (heller ndo senti za rupia ya Mjerumani) zina taji kubwa na taji dogo, na upande wa pili maandishi yanatofautiana, kwa sababu mihuri ilichongwa kwa shida na kwa haraka. Hiyo ni mfano safi wa tofauti ya chapa: hakuna aliyekusudia, lakini inajirudia na wakusanyaji wameipanga kwa herufi. Na kwa kuwa nimeitaja rupia ya Mjerumani, yale mambo ya kwamba ina zebaki ndani, inavuta simu, inazima redio, inachimbiwa usiku na waganga, hayana msingi wowote. Zina fedha au shaba au dhahabu kama sarafu nyengine yoyote, na zote zimepimwa na kuandikwa kwenye katalogi zamani sana.

Reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ni kichwa kigumu zaidi kwa hapa kwetu, maana kila nyumba ya zamani ina moja. Zote zimeandikwa 1780. Malkia yule alifariki mwaka ule ule 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu hawakutaka sarafu nyengine, kwa hiyo ikaendelea kuchapwa na mwaka ule ule, Vienna, na baadae Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay, mpaka karne ya ishirini na baada yake. Kwa hiyo 1780 haikwambii umri. Wanaojua wanaitazama bruchi ya begani ina lulu ngapi, manyoya ya mkia wa tai yamekaa vipi, alama ndogo baada ya mwaka, wanakwambia imechapwa wapi. Hizo nazo ni tofauti za chapa, si makosa. Bandia zake zipo nyingi, na vipimo vyake ni vyepesi: uzito wake ni kama gramu 28.07, ukingoni kuna maandishi yaliyoinuka IVSTITIA ET CLEMENTIA, na madini yake ni fedha ya 833, haishiki sumaku. Iliyomiminwa kwenye udongo haina maandishi safi ya ukingoni, ina vitundu vidogo vidogo usoni, na mara nyingi imepungua uzito.

Na hizi reale ndo zilizopita kwa masonara. Utaikuta imetiwa kitanzi juu, ina solda, imevaliwa mpaka pua ya malkia imelika. Kwa mkusanyaji ni uharibifu na bei inashuka. Mimi nakuomba usimpelekee sonara akakutolee kitanzi, hutoipandisha bei, utabaki na kovu la moto pale juu, na utakuwa umeifuta alama ya bibi aliyeivaa harusini.

Uharibifu wa pwani una sura yake. Sarafu iliyokaa mchangani chumvi imeila inakuwa nyembamba, nyepesi, watu wanasema imechapwa kwenye bamba jembamba. Angalia ngozi yake: iliyoliwa ina vinyweleo, imeparara, herufi zimepungua sawasawa pande zote. Ya bamba jembamba ngozi yake ni laini, udhaifu uko katikati tu pale picha zilipokuwa nzito. Sarafu za chuma zilizopakwa zikipigwa na unyevu zinatoa malengelenge na kubanduka, halafu kutu inatoka chini, hiyo si rangi mbili za kiwandani. Na kuna ile ya kubana sarafu mbili kwenye jiriwa ukapiga nyundo, herufi za moja zinaingia kwa nyengine kinyume, zimezama. Kosa la kweli linalofanana na hilo lipo, sarafu inabaki kwenye muhuri na inayofuata inagongwa nayo, lakini hapo picha ya kinyume inajaza uso mzima, nzima, na upande wa pili umetoka mkali na safi. Ya jiriwa chini ya herufi za kinyume utaona picha ya asili imebondeka, na upande wa pili umekuwa bapa. Yenye vichwa viwili, gonga juu ya saruji usikilize, mlio wake umekufa, na kwa ndani ya ukingo pana mstari wa duara pale walipoziunganisha.

Kanuni zote hizi ni za sarafu za mashine. Zile ndogo za fedha za Mtambwe Mkuu, Pemba, zilizofukuliwa 1984, zaidi ya 2,000, za karne ya kumi na moja, ziligongwa kwa mkono. Pale picha kukaa upande au ukingo kutokuwa duara si kosa, ndo kawaida yake. Za shaba za Kilwa vivyo hivyo. Na ukiokota ya namna hiyo shambani au ufukweni, usichimbe ukatafuta nyengine, kumbuka pahala ulipoiona na uende Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, kwa sababu sarafu ya aina ile ikishatolewa kwenye udongo wake bila kuandikwa, nusu ya iliyokuwa ikitwambia kuhusu visiwa hivi imekwisha.

Sasa kusafisha. Wallahi hili ndo linaloniumiza zaidi. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, kiwi cha shaba, hivi vyote vinaondoa ngozi ya sarafu pamoja na uchafu. Ndururu ya samaki ya 1966 ya shaba iliyokuwa hudhurungi nzuri inatoka ya waridi, inang'ara kama ya kuchezea, na ile ngozi hairudi. Mnunuzi anayejua anaiona kwa sekunde. Na zaidi ya bei, ukishaisugua umefuta vile vidokezo vyote tulivyovitaja, makali ya kona za herufi, mistari iliyoinuka, vivuli vya grisi, hakuna tena atakayeweza kukwambia ni kosa au ni uharibifu. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, siku kadhaa ukibadilisha maji, halafu ikaushe kwa kitambaa laini kwa kugusia, usifute.

Vifaa unavyohitaji havizidi lenzi ya mara kumi, mizani ndogo ya dijitali kama ya masonara, sumaku, taa inayomulika kwa ubavu, na sarafu ya kawaida ya aina ileile ya kulinganisha. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote. Mtu hawezi kujua kipi si cha kawaida kama hajaikariri ya kawaida, na mia mbili za kawaida unapewa chenji kila siku, zitazame.

Kwenye kuhifadhi, hewa yetu ya bahari ni adui, na zile albamu za plastiki laini zinazonuka ndo mbaya zaidi, joto likipanda plastiki inatoa jasho la kijani linaloila shaba na fedha. Tumia karatasi kavu isiyo na asidi au vifuko vya plastiki ngumu, tia kipakiti cha kunyonya unyevu ndani ya boksi, na andika kwenye karatasi pembeni ya kila sarafu ulikoipata, nani alikupa, na uzito wake siku uliyoipima.